Mkwe Aliyekuja na Kabureta

Mashine ile niliinunua mwenyewe, kwa akili zangu timamu, hakuna aliyenishikia fimbo. Kanisani kwetu ibada ikiisha, zawadi zilizoletwa mbele hunadiwa pale nje: mikungu ya ndizi, kabichi, mayai, jogoo aliyefungwa miguu. Jumapili ile kulikuwa na kitu cha ziada, chuma chekundu kilichokuja kwenye kontena la marafiki wa Ulaya pamoja na nguo za watoto na baiskeli. Kilikuwa na matairi mawili, mishikio miwili, injini, na mbele mdomo mpana wenye meno yaliyojisokota. Mzee aliyekuwa ananadi alikizunguka, akakipiga teke kidogo, akatangaza, "Pawatila! Trekta la mkono!"

Mimi nalima kwenye matuta ya mlimani na mgongo umeshaniisha kwa jembe. Nikanyoosha mkono. Mama mmoja wa kwaya naye akanyoosha. Hapo ndipo nilipoponzeka, maana mimi na mama yule hatuivi chungu kimoja, na siku hiyo ningegombania naye hata gari la zimamoto. Nikashinda. Vijana wa kwaya wakaisukuma mashine mpaka kwangu, watu wakinipongeza njia nzima kama bibi harusi.

Haikuwaka. Nilivuta kamba mpaka bega likatoa sauti. Niliibembeleza, niliitukana kwa Kiswahili, nikaitukana kwa Kishambaa ambacho kwa kazi hiyo ni kizuri zaidi, wapi! Nikaisogeza pembeni ya banda la ng'ombe, kuku wakaingia mdomoni mwake na kuanza kutaga. Kila mtu akiniuliza pawatila inaendeleaje, nilijibu kwamba nasubiri mvua.

Wakati huo ndipo binti yangu aliporudi nyumbani. Nina binti huyo mmoja tu, na baba yake alishafariki. Ameolewa na fundi pikipiki wa kule chini Mombo, kijana mzuri, lakini kijana wa vyuma. Siku moja kijana huyo alichemsha kabureta ya mteja kwenye sufuria ya mke wake, ile kubwa ya wali. Akaisuuza, akairudisha mahali pake, kimya kama hakuna lililotokea. Kesho yake binti yangu akawapikia wageni, kina mama wenzake wa kikoba. Wali ukanukia petroli. Wageni wakala kwa adabu, wakatazamana, wakaaga mapema mno. Mke alipopandisha hasira jioni, mume akamjibu, "Mbona wamekula?"

Jamani! Hata sufuria angesamehewa, lakini jibu lile! Binti yangu akafunga kanga zake akapanda mlima.

Kwetu mke akishakimbilia kwao, mume haji tu kubisha hodi na kusema nipeni mke wangu. Anatuma wazee wake, wanakuja na beberu, wanaongea, wanaomba radhi, na mwanamke anaulizwa kama yuko tayari kurudi. Mpaka hapo mume hana ruhusa ya kumsemesha. Basi kijana alimtuma baba yake mdogo, na baba mdogo yule ni mtu wa kesho. Mara mvua, mara msiba, mara goti. Wiki zikapita. Binti yangu alikuwa analala, anaamka, anapalilia karoti bila kusema neno, analala tena. Nilikuwa na hofu moja tu, na ilikuwa inanikosesha usingizi: ndoa ile ilikuwa inakufa, na haikuwa inauawa na ugomvi, ilikuwa inauawa na goti la baba mdogo. Na niseme ukweli mwingine. Nilitaka sana arudi kwa mumewe, na nilitaka sana abaki. Nyumba ilikuwa imepata mtu.

Siku moja binti yangu alisimama mbele ya mashine yangu, akaipiga picha kwa simu, akabonyezabonyeza.

"Mama," akasema, "hii sio pawatila. Ni ya kurusha theluji."

"Ya kurusha nini?"

"Theluji. Barafu ya kutoka mbinguni. Kwao inajaa mlangoni, wanasukuma hii, inaimeza na kuirusha pembeni."

Akaenda kulala. Hata hakucheka. Mtu anayegundua kwamba mama yake amenunua mashine ya theluji Lushoto, asicheke, huyo ni mgonjwa.

Mimi usiku huo niliwaza, na nikapata jibu. Mavi ya ng'ombe wangu yako chini, matuta yangu yako juu, na samadi huwa naibeba kichwani kwa ndoo. Kama kitu kinameza barafu na kuirusha, kwa nini kisimeze samadi na kuirusha? Asubuhi nikamwambia kila dereva wa bodaboda aliyepita kwamba natafuta fundi wa mashine yangu, tatizo ni kabureta. Kabureta nilikuwa naisikia tu. Nilichagua jina hilo kwa sababu ya ile sufuria, basi.

Habari zikateremka mlima haraka kuliko pikipiki zenyewe. Kesho yake nani akatokea kona ya migomba? Mkwe wangu. Kofia mkononi, kabureta mpya ya pampu ya maji ndani ya koti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Habari za huko?"

"Nzuri mama. Nimesikia mashine inasumbua. Sikuja kwa jambo lingine."

"Wala mimi sijakuuliza jambo lingine."

Nyuma yangu mlango wa chumba cha binti yangu ukajifunga, pwaa! Sote wawili tukajifanya hatukusikia.

Sasa, mama mkwe na mkwe kwetu wanaheshimiana kwa mbali. Hatuli pamoja, hatushikani mkono, hatutaniani, hatupeani kitu mkono kwa mkono. Na kugombezana ni mwiko kabisa. Hilo la mwisho kwa mtu wa hasira zangu ni adhabu. Na kijana hakuja na msaidizi. Ikabidi tuweke kigoda katikati. Akitaka spana, anasema, "Mama, kama kungekuwa na spana ya kumi..." huku anatazama migomba. Nami naiweka kwenye kigoda, narudi nyuma, naye anasogea kuichukua. Bisibisi, kigoda. Kitambaa, kigoda. Kigoda kile kilifanya kazi kuliko sisi wote.

Akafunga bomba la mafuta, akafungua kifuniko cha plastiki, akachomoa kabureta ya zamani. Ndani petroli ya Ulaya ilikuwa imekauka ikawa kitu cha kijani kama mlenda. Akaitikisa sikioni, akatikisa kichwa.

"Hii imeshakufa, mama. Kuichemsha..." Akasita. Neno kuchemsha likaning'inia pale katikati yetu. "Kuisafisha hakusaidii," akamalizia.

"Funga mpya," nikasema, natazama mawingu.

Ile mpya ilikaa kwenye bolti zake vizuri, ila mkono wa choki, ule unaovutwa injini ikiwa baridi, ulitokea upande mwingine, kifuniko kikakataa kurudi. Akakiacha nje. Akashangaa pia kwamba mashine haina chujio la hewa. Nadhani kwenye theluji hakuna vumbi. Sisi tuna vumbi la kugawia wengine, kwa hiyo akafunga kipande cha sponji ya kuoshea vyombo kwa waya. Kilichobaki ni kispringi chembamba kinachoiambia injini ipunguze mbio. Akakiweka kwenye kigoda apanguse mikono.

Kuku akaja, akakidonoa, akaondoka nacho.

"Weee!" Nikasahau heshima zote. Tukamkimbiza kuku yule kuzunguka banda, mimi nimepandisha kanga, mkwe anapiga mbinja kama anachunga mbuzi. Kwenye kona ya banda mimi nikatokea upande huu na yeye upande ule, tukagongana uso kwa uso. Mama yangu! Kila mtu akaruka nyuma na kuomba radhi, "Samahani mama," "Samahani baba," "Hapana, samahani mimi mama," na kuku yuko pale katikati anatutazama. Akaona tumechanganyikiwa, akatema springi, akaenda zake.

Dirishani nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu binti yangu arudi. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameziba mdomo kwa mto, lakini cheko lake nalijua. Mkwe naye alilijua. Alisimama na ile springi mkononi, ameduwaa kabisa, na nadhani ndiyo sababu aliifunga kwenye tundu lisilo lake.

Akaweka petroli, akavuta kamba. Mara ya kwanza ikakohoa. Ya pili ikawaka, na haki ya Mungu ilinguruma mpaka mbuzi wa jirani wakakata kamba. Haikuwa inajua kupunguza. Kazi yangu ilikuwa kushika mishikio tu. Kwenye kila mshikio kuna mkono wa kubana, mmoja wa matairi, mwingine wa meno. Ukiachia, inasimama. Hilo mkwe aliniambia, lakini aliniambia huku anatazama migomba, na mimi nilikuwa nasikiliza kwa adabu, sio kwa masikio.

Nikabana yote miwili.

Mashine ikaondoka nami. Ikaingia kwenye lundo la samadi kama iliyoshinda njaa miaka yote ikaona chakula, na lile bomba lake la juu likaanza kutapika. Lilikuwa limeelekea nyumbani. Samadi ikapiga bati, ikapiga kanga zilizoanikwa. Mkwe akaona, akakimbia mbele kuligeuza bomba lielekee matutani. Akaligeuza, kweli. Lakini njiani kuelekea matutani lilimpitia yeye. Kifua, shingo, uso, mdomo. Kadiri nilivyoogopa ndivyo nilivyozidi kubana, na kadiri nilivyozidi kubana ndivyo alivyozidi kupotea.

"Toka hapo, mjinga wewe!" nikapiga kelele. "Toka! Huna macho?" Nilimgombeza mkwe wangu, kwa Kiswahili, kisha kwa Kishambaa, yale maneno ya mashine. Yeye ni Mzigua, hujifanya Kishambaa hakielewi. Siku ile alikielewa chote.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Binti yangu akaja mbio bila viatu. "Achia, mama! Achia mikono!" Akanibandua vidole. Mashine ikasimama, injini ikaendelea kulia hadi alipoizima mwenyewe, maana mke wa fundi anajua. Mbele yetu palisimama nguzo ya samadi yenye macho mawili.

Nguzo ikatema kidogo, ikamtazama mke wake, ikasema, "Habari za hapa?"

Binti yangu akaketi chini palepale kwenye uchafu. Akacheka mpaka akawa hana sauti. Kisha akainuka, akaenda kuchota maji.

Mama mkwe hamtazami mkwe akioga. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa na karoti zangu. Nilisikia maji, nikasikia maneno ya chini chini, nikasikia kicheko, kisha maneno tena, marefu. Hatimaye binti yangu akachungulia kona. Kanga ilikuwa imelowa.

"Mama, namsindikiza mara moja mpaka barabarani."

"Haya."

Alimsindikiza mpaka Mombo. Jioni akapiga simu: "Mama, nimefika." Nilifurahi, jamani. Kisha nikakata simu, nikapika ugali wa watu wawili kwa mazoea, nikanuna nao peke yangu.

Na hapo ndipo baba mdogo alipopona goti. Akatuma ujumbe kwamba Jumapili baada ya ibada anakuja na wazee wenzake na beberu, kuomba mke wa mwanawe. Binti yangu akanipigia kwa sauti ya kunong'ona. Mume wake anasema tafadhali, baba mdogo asijue kwamba mke ameshachukuliwa kinyemela, wazee watajiona wamedharauliwa, na atakayelipa ni yeye. Kweli kabisa. Na kaka wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye msemaji wa upande wetu, akijua kwamba binti alirudi bila kuombwa, ataacha kuongea na mimi mpaka kifo. Kwa hiyo sikumwambia mtu.

Wakaja. Wakaketi. Mkwe alikaa mwisho wa benchi, safi, ameinamisha kichwa, mabega yanamcheza. Baba mdogo aliongea kuhusu sufuria kama mtu anayeongelea vita. Shemeji yangu akajibu kwa ukali, akadai heshima ya binti yetu, akauliza kama anatendewa hivyo kwa kuwa ni yatima wa baba. Waliongea hadi chai ikapoa. Beberu akapokelewa. Nikadhani yameisha.

"Sasa aitwe mtoto," akasema shemeji. "Aseme mwenyewe."

"Ana homa," nikasema haraka. "Tangu jana. Hawezi kusimama."

Mkwe akakohoa kwenye kofia yake.

"Basi ukamuulize huko huko ndani," akasema shemeji. "Hatuwezi kumtoa mtu bila neno lake. Sisi tutasubiri."

Nikaingia chumbani kwake, nikafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, alikitandika asubuhi ya siku ile ya samadi. Nikakaa juu yake. Nje wazee walikuwa wametulia wanasubiri, na ilibidi wasikie sauti. Kwa hiyo nikauliza, kwa nguvu kiasi, "Mwanangu, uko tayari kurudi kwako?"

Nikakaa kimya kwa muda wa mtu kujibu. Sikutegemea kulia, lakini nililia, kidogo, nikajifuta kwa ncha ya shuka lake. Nikauliza tena, safari hii polepole, wasisikie. Kisha nikatoka, nikawaambia amekubali.