Tilapia wa Nyuma ya Tanuri

Katika mtaa wa Mususa, mjini Butembo, watu wanafuga kuku, sungura na simbilisi, na hakuna anayewacheka. Agar alifuga tilapia wawili ndani ya kioo, akachekwa na mtaa mzima.

"Wenzako banafuga imbwa, weye unafuga mboga!" alisema Nasiba, jirani yake, siku alipowaona mara ya kwanza. "Siku utakosa ya kula, unanyoosha tu mukono."

Agar alicheka naye. Nasiba anauza vitenge, na mumewe Lukumani ni dereva wa lori la mizigo kati ya Butembo na Beni. Mama huyo ana ulimi usiopumzika na moyo usiochoka, na anayeutaka moyo lazima auvumilie ulimi. Tena alichosema kilikuwa na ukweli wake. Nani amewahi kuona tilapia akiwekwa sebuleni? Mahali pake ni bwawani, kisha kikaangoni, na safari kati ya hapo na hapo huwa fupi.

Ila hawa wawili walikuwa mbegu, na mbegu hailiwi.

Walikuwa mbegu ya mzee Kasonia, baba yake Agar. Kule upande wa Eringeti mzee alikuwa na mabwawa yake, nao wote kule wanayaita étang. Kila mwaka aliwaacha samaki wanene wazae, wembamba akawauza, mpaka watu wa barabara ile wakazoea kusema "tilapia ya Kasonia" kama mtu anavyotaja maharagwe ya mahali fulani yanayoiva upesi. Ulipofika mwaka wa kukimbia vita, wenzake walibeba magodoro na redio. Yeye alibeba bidoni, yaani dumu la maji lililokatwa mdomo, samaki ndani, akaenda nayo mpaka Beni. Huko alipata chumba kimoja tu katika mtaa wa Beu, kisicho na uwanja hata wa kuanika shati, basi lori la Lukumani likaipeleka bidoni mpaka Butembo kwa binti yake. Wengi walifia njiani. Walibaki dume na jike.

"Unichungie mbegu yangu," mzee alimwambia kwa simu. "Siku nitapata shimo, nitakuja kubachukua."

Sasa Agar ni mwoka mikate. Ya samaki alijua yale tu aliyoyaona utotoni, na mengi ya hayo yalihusu kuwala. Mumewe Malachie, ambaye ni fundi wa vioo, alichukua ile vitrine ya zamani, kabati la kioo walilokuwa wanauzia mikate, akaiongezea kioo kinene, akaziba pembe zote kwa silikoni, ikashika maji. Lakini kushika maji si kushika uhai. Butembo ni mji wa baridi, asubuhi maji ya bomba yanauma meno, na tilapia wa Eringeti ni mtoto wa joto. Wiki ya kwanza walilala chini kwenye mchanga, mapezi yamebana, kama wagonjwa wanaomsubiri daktari.

Agar ndiye aliyefikiria tanuri. Tanuri lake limejengwa kwa matofali nyuma ya nyumba, na ukuta wake mmoja ndio ukuta wa sebule. Wakaisukuma vitrine mpaka ikakaribia ukuta ule, na tangu siku hiyo mkate ulipokuwa unaiva upande huu, maji yalikuwa yanapata uvuguvugu upande wa pili. Samaki wakaamka. Agar akajifunza kuvuta sehemu tu ya maji machafu kwa bomba la mpira, akirudishia mapya yaliyokwisha kukaa ndooni karibu na moto. Akajifunza kwamba chembe za mkate zikizidi, maji yananuka na nyumba nzima inajua. Betri ya sola ilipoisha nguvu na kipampu kidogo cha kutia hewa majini kikanyamaza, alisimama na kikombe akichota maji na kuyamimina kutoka juu, ili hewa iingie. Wateja walimkuta hivyo, wakaulizana kama mama huyu bado yuko sawa kichwani.

Alikuwa sawa kabisa. Tena aliwapenda, ingawa hilo hakumwambia mtu.

Dume alikuwa mkorofi. Alichimba mchanga mpaka akafanya shimo katikati, akawa anamzunguka jike kutwa nzima kama mchumba asiye na kazi. Kisha ikaja Jumapili moja ambayo Agar aliondoa wavu wa kufunika ili apanguse kioo, akasikia kengele ya misa, akatoka mbio. Aliporudi, dume alikuwa sakafuni karibu na gunia la unga, amekauka upande mmoja.

Agar alilia kidogo, kisha akamzika chini ya mgomba.

"Samaki haichinjwe," Nasiba alimwambia, mikono kiunoni. "Hata ikikufa yenyewe iko halali. Lakini weye unaizika! Utaitisha na padri?"

Kicheko cha safari hii Agar hakukiweza. Jike mmoja bila dume si mbegu tena, na mzee Kasonia alikuwa anapiga simu karibu kila juma. Shemeji mmoja alikuwa amempa kipande cha bonde karibu na Beni, na mzee, kwa umri wake ule, alikuwa amechimba bwawa jipya.

"Balala aje, batoto yangu?" aliuliza. Batoto ni samaki; wajukuu wake aliwaulizia mwishoni.

"Bako muzuri, papa," Agar alijibu. "Banakula."

Ulimi hauna mfupa. Aliyesema "bako" alikuwa amebaki na mmoja tu, na huyo mmoja hakuwa anakula.

Maana tangu kufa kwa dume, jike alikuwa amebadilika. Alijificha kwenye pembe, karibu na ukuta wa joto. Kidevu kilivimba. Kinywa alikifunga, kisha akawa anatafunatafuna polepole bila kitu, kama bibi asiye na meno. Agar alimtupia chembe za mkate, akazitazama zikipita. Alimtupia kiini cha yai, akakiacha kioze. Siku kumbikumbi waliporuka, Agar alikimbia nao mkononi wakiwa hai, na hata hao, ambao binadamu mwenyewe anawapigania, jike aliwageuzia mkia.

"Ile njo matanga," Nasiba alisema, na safari hii hakuwa na utani. "Bwana yake amekufa. Amefunga. Mwanamuke akifiwa, chakula inapita wapi?"

Agar aliamini. Yeye mwenyewe alipofiwa na mama yake, ugali ulimkalia kooni kama udongo. Basi akawa anakaa na yule samaki kila alipomaliza kuoka, akimwambia pole, na huku moyo wake unamwambia ukweli: huyu atakufa, na mzee atakuja kukuta maji matupu. Mzee aliyeacha nyumba, mashamba na kaburi la mkewe, akabeba bidoni moja tu. Agar alijiona mwizi.

Kisha simu ikaja. "Étang imejaa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa ya kijana. "Maji inasimama muzuri. Lukumani akipanda tena Butembo, niko naye."

Njia ya mwongo ni fupi, na hii ya kutoka Beni haifiki hata kilomita sitini.

Mchana wa siku iliyofuata, mlango ukiwa wazi na jua likiingia mpaka ndani ya vitrine, Agar aliinama kupangusa kioo. Jike akapiga mwayo mdogo. Ndani ya kinywa, Agar aliona macho. Vijicho vyeusi, vingi, vimebanana, vinamtazama.

Alirudi nyuma, kitambaa kikamwanguka. Alijua mara moja alichokiona, maana alikiona tangu utotoni. Siku za kuvuta wavu kule Eringeti, kila mara palitokea jike ambaye akitupwa nyasini anafungua kinywa, na vitoto vinamwagika. Mzee Kasonia alikuwa na jina kwa hao. "Mulozi! Anakula batoto yake!" Hao ndio waliotangulia kwenye sufuria, wasije wakamaliza kizazi.

Kumbe huyu hakuwa na matanga yoyote! Alikuwa amezaa kimya kimya, na watoto wa marehemu, mbegu ya mwisho ya Kasonia, alikuwa anawala mmoja mmoja huku yeye Agar anampa pole. Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alinyakua chekeche la unga, akaliingiza majini. Jike alikimbia huku, akakimbia kule. Chekeche likambana kwenye kioo.

Akafungua kinywa, na watoto wakatoka. Walitoka kama unga unaomwagika, wazima wote, kila mmoja na mkia wake unaotikisika, wakajaa mbele ya macho ya Agar. Hapakuwa na hata mmoja aliyekatwa, hata mmoja aliyekufa. Mtu anayekula watoto kwa siku zote hizo, mbona sahani yake bado imejaa?

Alitoa chekeche polepole, akasimama kando. Jike aligeuka. Aliinamisha kichwa chini mbele ya watoto wake, akafungua kinywa, akatulia hivyo. Na wale watoto walikimbia. Lakini walikimbilia kinywani, wanasukumana kama wateja wa mkate wa asubuhi, wa nyuma wakiogopa kuachwa. Alipoingia wa mwisho, jike alifunga kinywa, akarudi kwenye pembe yake ya joto.

Hakuna duniani anayeliwa akakimbilia meno. Agar alikaa juu ya gunia la unga, akacheka na kulia kwa pamoja. Nyumba yao ilikuwa kinywa. Ndiyo maana hakula: angekulaje, na kinywa kimejaa watoto? Alimwita Nasiba kwa sauti iliyomtoa jirani huyo mbio akidhani kuna moto.

"Angalia! Marehemu aliacha mimba!"

Nasiba aliangalia sana. "Na mi nilisema amefunga," alisema hatimaye. "Nilikosa tu sababu yenyewe." Yule mama hashindwi kirahisi.

Mzee Kasonia alifika na lori la Lukumani siku ya soko, bidoni mpya mkononi, amevaa koti la kanisani. Hakukaa hata kitako. Alikwenda moja kwa moja kwenye vitrine, akatafuta.

"Dume iko wapi?"

"Alikufa, papa. Aliruka inje, sikukuwa naye. Nilikuficha habari."

Mzee aliiweka bidoni chini. Agar angependa agombe. Mabega yake tu ndiyo yaliyoshuka ndani ya lile koti.

"Basi imeisha," alisema. "Jike moja itazaa na nani?"

"Muangalie mu kinywa, papa."

Mzee aliinama, akavaa miwani, akaviona vijicho. Uso wake ukabadilika. "Ee! Na iliyobakia ni mulozi!" Alikuwa amekwisha kukunja mkono wa koti ili amtoe majini.

Agar alimshika mkono. Tangu azaliwe hakuwahi kumzuia baba yake kitu, na wote wawili waliuangalia ule mkono kwa mshangao.

"Papa, tafazali. Mukae. Muangalie kwanza."

Mzee alikaa, kwa sababu ya mshangao zaidi kuliko utii. Walisubiri. Jike, maji yalipotulia, alisogea mpaka katikati, akafungua kinywa, na watoto wakatoka kucheza juu ya lile shimo alilolichimba baba yao. Agar akapitisha kiganja juu ya maji, kivuli kikawaangukia, nao wakarudi kinywani wote. Aliondoa kiganja. Wakatoka tena. Mzee alimwomba binti yake apitishe kiganja mara nyingine, kisha nyingine.

"Miaka yote ile," alisema polepole, "hawa njo nilikuwa naanza nabo mu sufuria."

"Hamukujua, papa. Maji ya étang iko matope."

"Nimekula bamama." Alivua miwani, akacheka kicheko kilichokuwa na maji ndani yake, akajipangusa. "Nilikuwa nakula bamama, na bado bananizalia."

Nje, Lukumani alipiga honi. Mzigo ulikuwa tayari na Beni inasubiri. Agar alichukua bidoni akaijaze maji ya uvuguvugu, lakini mzee aliinua kidole.

"Tangu lini haiko anakula, huyu?"

"Tangu dume alikufa."

"Mwambie Lukumani aende. Nitalala hapa. Atarudia kunibeba safari ingine."

"Na étang, papa?"

"Étang itangojea. Mama akule kwanza."

Mzee Kasonia, ambaye hajawahi kumngojea mtu hata mlangoni mwa kanisa, alikaa Mususa akila mikate ya binti yake na kuilinda vitrine. Watoto walizidi kukua na kukawia nje, kivuli kikawa hakiwaogopeshi tena, mpaka asubuhi moja walikataa kabisa kurudi, wakatawanyika majini kila mmoja na njia yake. Jike alibaki katikati, kinywa kitupu, mwembamba kama ukingo wa sahani.

Mzee alifinya chembe ya mkate wa moto, akaipuliza ipoe, akaidondosha. Jike aliitazama ikishuka. Akapanda, akaimeza, akageuka kutafuta nyingine.

"Agar!" mzee aliita, ingawa binti yake alikuwa amesimama nyuma yake, mikono ina unga, anaona yote. "Anakula!"

"Ndiyo, papa," alisema Agar. "Anakula."