Mama Mkwe Katika Chumba Chetu

Daktari aliposema mama mkwe wangu atahitaji mionzi kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa zaidi ya mwezi mmoja, mke wangu hakulia. Aliuliza swali moja tu: "Atakuwa akilala wapi?"

Mama aliishi Kola, peke yake tangu mumewe afariki, na shamba lake la mahindi na mbaazi. Saratani ilikuwa imeshika mlango wa kizazi. Mashine ya mionzi ilikuwa Nairobi, na hakuna mgonjwa anayeweza kutoka Kola alfajiri, apigwe mionzi Nairobi, arudi Kola jioni, halafu kesho aanze upya.

Wiki ile ilikuwa ya simu. Mke wangu alipiga katika hosteli moja ya wagonjwa iliyo karibu na hospitali, akaambiwa imejaa. Akampigia binamu yake anayekaa Nairobi. Binamu akasema ngoja nimuulize baba watoto, na tangu siku hiyo simu yake haikushikwa tena. Mimi nilikwenda mwenyewe kuangalia gesti ya bei ya chini katikati ya jiji. Chumba chenyewe kilikuwa ghorofa ya nne, ngazi nyembamba, na chini kulikuwa na baa inayopiga muziki mchana kweupe. Nilimfikiria mama akipanda zile ngazi, nikageuka bila hata kuuliza bei.

Kilichobaki kilikuwa chumba chetu cha Athi River. Chumba kimoja: kitanda, pazia, jiko la gesi, godoro la mtoto. Mimi hukata vitambaa katika kiwanda cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda, na mke wangu huuza mboga nje ya geti lake. Kwa watu wengine hilo lingekuwa jambo dogo, mgonjwa alale kitandani na wenyeji walale chini. Lakini sisi ni Wakamba. Mama mkwe na mume wa binti yake wana nthoni kati yao, heshima iliyochanganyika na haya: hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huipisha njia. Katika miaka yote ya ndoa yangu, mama huyu hakuwahi kunisemesha ana kwa ana. Salamu zake nililetewa na mke wangu.

"Hatakubali kuja," mke wangu akasema.

"Atakubali kama mimi sipo. Nitatoka."

Nikatoka. Mwenzangu wa kiwandani alikuwa zamu ya usiku, naye alikuwa na chumba mtaa wa pili. Jioni alitoka nikaingia, asubuhi aliingia nikatoka. Kitanda kile hakikupata nafasi ya kupoa. Nguo zangu zilikaa kwenye begi chini ya meza yake, na kila nilipotaka soksi au kitambulisho nilikuta nimekiacha kwangu, mahali ambapo sasa nilibisha hodi na kusubiri uani mpaka nipitishiwe kitu mlangoni.

Usafiri ulijipa wenyewe. Jirani yetu mmoja hupeleka mayai Nairobi kila asubuhi kwa pikapu, na kwa ajili ya mayai huendesha polepole, anayaepa mashimo kama mtu aliyebeba mtoto. Mwendo huo ndio uliomfaa mama. Mtoto aliachwa kwa majirani; yeye na mke wangu walikaa mbele na dereva, wakashushwa karibu na hospitali, na mchana wakarudi kwa gari la abiria. Majuma ya kwanza yalipita hivyo. Mimi nilipata habari kwa simu: leo amekula, leo ametapika, leo amekataa uji.

Kisha mtoto wetu akashikwa na homa. Mke wangu hakuweza kumwacha wala kumbeba hospitalini kati ya wagonjwa, na mionzi hairukwi siku. Niliomba ruhusa kazini. Msimamizi alinitazama tu, akaandika jina langu kwenye orodha ya wasiokuwepo.

Mama alipoona ni mimi ninayempeleka, alijifunika leso mpaka machoni. Alikaa mbele na dereva. Mimi nilipanda nyuma, nikachuchumaa kati ya trei za mayai, mgongo ukigonga bodi, upepo wa Mlolongo ukinipiga usoni. Dereva alicheka mpaka akakohoa, lakini hakuniambia nije mbele. Yeye pia ni wa kwetu.

Hospitalini mama alikaa kwenye benchi, nami nikasimama upande wa pili wa nguzo. Karibu naye alikaa mwanamke wa Kisomali aliyevaa buibui, aliyemleta mumewe. Walikuwa wafanyabiashara wa mbuzi, na, kama alivyotuambia baadaye, waliwahi kuishi Machakos mjini, ambako alijifunza Kikamba. Nikamwomba, "Dada, tafadhali mwambie huyo mama chai yake ni hii."

Akachukua kikombe, akanitazama, akamtazama mama. "Mmegombana?"

"Hapana. Ni mama ya bibi yangu."

"Aaa, Wakamba!" akasema, akatabasamu kwa uchovu. "Basi leta, nitakuwa mdomo wenu."

Akawa mdomo wetu kwa muda mrefu. Mwambie foleni inasogea. Mwulize kama anasikia baridi. Mama naye akamjibu kwa Kikamba cha chini chini, na yule dada akanipa jibu. Halafu jina la mumewe likaitwa, wakaondoka pamoja, na sisi tukabaki na ile nguzo yetu.

Zamu ya mama ilipofika aliingia mwenyewe. Alipotoka, nilimwona akiushika ukuta. Akapiga hatua chache, akayumba. Sikufikiri. Nilimdaka kwapani kabla hajafika sakafuni, na uzito wake ulinitia hofu, maana haukuwepo. Leso ilimwanguka mabegani. Kwa mara ya kwanza niliuona uso wa mama mkwe wangu kwa karibu, na mke wangu alikuwa mle mle, katika macho na kidevu.

"Nishike, mwanangu," akasema. "Mambo ya nthoni tutayamaliza nyumbani. Sasa nitafutie mahali nikae."

Nikamketisha. Nilimpa maji, akayasukuma. Nikamwambia kuwa daktari amesema anywe maji mengi.

"Nikinywa nitaenda choo," akasema. "Na hiyo choo yenu iko mbali."

Ploti yetu ina choo kimoja kwa vyumba vyote, kule mwisho karibu na geti, ambapo vijana hukaa jioni wakipiga stori. Mionzi ilikuwa imemharibia tumbo, na mara nyingi kwa siku alikuwa anapita mbele ya vijana hao akiwa amejishika. Ili asipite, aliacha kunywa maji. Hakumwambia binti yake, kwa kuona ameshasumbua vya kutosha. Sisi tulipanga kitanda, tukapanga gari, tukapanga hata nani atalala wapi. Choo hakuna aliyekifikiria.

Tulirudi kwa gari la abiria tumekaa kiti kimoja, kwa sababu hakuweza kujishikilia. Alisinzia, kichwa kikanigusa bega, naye alipozinduka hakukiondoa.

Jioni ile nilikwenda kwa mwenye ploti, mama mtu mzima anayekaa nyumba ya nyuma, hatua chache kutoka mlango wetu. Ana choo chake mwenyewe, na hukifunga kwa kufuli. Nilimweleza, nikiona haya kusema maneno hayo kwa mwanamke mzee.

"Mbona hamkuniambia?" akasema, tayari akivua ufunguo kwenye shingo yake. "Mimi niliona tu mgeni anapita pita."

Mama akaanza kunywa maji. Hakupona kwa hilo, lakini zile safari za kuushika ukuta zilipungua. Mtoto alipata nafuu, mke wangu akarudi kwenye pikapu, nami nikarudi kazini. Jumamosi baada ya mionzi ya mwisho, shemeji yangu, kaka wa mke wangu anayekaa mbali, alikuja na gari la kuazima akampeleka mama Kola. Niliingia kwangu mchana huo. Mke wangu alikuwa amekaa kitandani, mikono mapajani. Aliniuliza kama nitakula muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, au apike chapati. Nilikaa kando yake nifikirie, na nikalala hapo hapo na viatu mguuni. Nilipoamka, naye alikuwa amelala.

Mwisho wa mwaka wazee wa ukoo walipokea mbuzi wangu, kama mila inavyodai, nthoni ikalegezwa kidogo. Siku hizi mama hunisalimu mwenyewe, japo bado anatazama pembeni. Halimi tena, shamba amemkodisha jirani. Daktari anasema kidonda kimenywea, lakini tuendelee kuja kuangaliwa. Basi tunaendelea kwenda.