Kibonyeo cha Bangili ya Mama

Kwetu Wingwi ukimwazima mtu ng'ombe wa gari, akirudi unamkagua kwato mbele ya macho yake, wala mtu hanuni. Dhahabu siyo hivyo. Dhahabu ya harusi huzunguka kwa ndugu, na kuipima ikirudi ni kumwita nduguyo mwizi. Basi mimi sikuipima.

Bangili yenyewe alinivisha mama nilipoolewa. Karati ishirini na mbili, alisema, na mimi karati sikuijua ni mdudu gani. Skuli nilikaa msimu mmoja. Karafuu zilipoiva nikatolewa nikachume, sikurudi. Karafuu za mwaka ule, lo, matawi yaliinama mpaka... haya, tuyaache. Nilipokwisha kuolewa, mdogo wangu, mtoto bado, aliteleza kisimani. Nikamdaka, mkono ukapiga jiwe. Yeye akapona, bangili ikabonyea. Tangu hapo kila nikitia udhu nakipapasa kile kibonyeo.

Mdogo wangu huyo huyo ndiye aliyekuja kuiazima, bintiye anaolewa. Iliporudi, mkono uliniambia, "Mbona nyepesi?" Nikaujibu, "Wewe umezeeka." Kibonyeo si kile pale?

Mwaka huu mjukuu wangu kaposwa. Nikaipeleka kwa sonara, mjini Chake, aing'arishe nije nimvishe. Akaisugua kwenye jiwe lake jeusi, akadondosha tindikali. Mstari wa dhahabu uliobaki jiweni ukafutika.

"Bimkubwa, hii karati tisa."

"Tisa ndiyo nyingi?"

Akacheka, akaniona uso, akaacha. "Dhahabu safi tunaihesabu mafungu ishirini na nne. Ya ishirini na mbili ina mafungu mawili tu ya mchanganyiko. Hii yako tisa dhahabu, kumi na tano shaba na vyenginevyo."

"Haiwezi. Tazama kibonyeo chake."

Akatazama kwa lenzi yake. "Hiki kimegongwa kwa nyundo ndogo, makusudi. Alama yake hii."

Ningeibiwa dhahabu peke yake ningelia, nikasamehe. Lakini kibonyeo! Mtu alikaa na fundi akamwelekeza: hapa, bonyeza hapa, kidogo tena.

Nikapitiliza moja kwa moja kwa mdogo wangu. Nikamkuta anapepeta mchele.

"Dada, kwani mimi sonara?" akasema. "Labda mama ndiye aliyeuziwa mbovu."

Mama yumo kaburini, hana mdomo wa kujitetea.

"Na kibonyeo, fundi alikijuaje?"

Aliendelea kupepeta, na makapi yalikuwa yamekwisha zamani.

Siku ya harusi alikuja, akakaa mbele pamoja na watu wa nyumbani. Nilimvisha mjukuu wangu bangili ile, nikamwambia ukweli wake: ni karati tisa, asije akaaibika kwa sonara kama mimi. Akaipapasa.

"Bibi, na hapa palibonyeaje?"

"Kamuulize bibi yako mdogo," nikasema. "Yule pale."