Ng'ombe wa Rafiki Katika Droo ya Wezi

Juma lililopita nilikuwa kwenye maktaba moja hapa Nakuru, nikingoja zamu yangu nyuma ya mwalimu wa kutoka Mau Narok. Alisimama mbele ya karani, kofia mkononi. Baba yake mdogo yuko rumande, kwa sababu ng'ombe wa mtu mwingine wamekutwa bomani mwake.

"Rafiki yake alimpa awatunze, naye anywe maziwa," alisema. "Kwetu ni desturi ya tangu zamani. Lakini hakimu anasema ataamini akiiona kitabuni."

Karani akavuta droo ya kadi, zile zinazoonyesha kitabu gani kinasema nini. Chini ya "Desturi" akakuta ngoma na tohara. Chini ya "Ng'ombe" akakuta kupe na siagi. Chini ya "Urafiki" hakukuwa na kadi. Akalamba kidole, akaendelea kupekua, mara uso ukamng'aa.

"Hii hapa, mwalimu! Kupeana ng'ombe kati ya marafiki. Aliyeandika ni mtaalamu kutoka ng'ambo, alikaa huko kwenu msimu mzima."

"Umeipata chini ya neno gani?"

Karani akaifunika kadi kwa kiganja. "Wizi wa mifugo."

Mwalimu akavaa kofia, akaivua tena. "Basi nipe hicho hicho. Nifanyeje?"

Mtaalamu aliona ng'ombe wa huyu kwa yule, na kwa kuwa kwao jirani hampi jirani hata majani ya chai, akajua hao ni wezi. Sasa hakimu atakifungua kitabu, atakubali kwamba desturi ipo kweli, tena ni ya tangu zamani, kisha atamfunga mzee kwa kuifuata.