Mtu wa Majani, Mtu wa Miguu, na Sayari ya Mars

Mwaka ule mjukuu wangu alikuwa anamaliza masomo yake ya mawe na udongo, akaja kukaa kwangu Nyamianda ili aandike kwa utulivu memwari yake, ile kazi ndefu ya kumalizia chuo. Kazi aliyopewa ilinishangaza: achague, kwenye sayari ya Mars, mahali ambapo gari lisilo na dereva lingeshuka kutafuta dalili za uhai wa zamani. Gari lilikuwa la kufikirika tu, lakini picha zilikuwa za kweli. Profesa wake alikuwa amemrudishia kazi hiyo mara mbili. Akirudishiwa tena, angepoteza mwaka.

Asubuhi moja, baada ya sala, alinifungulia ordinateri, kompyuta yake. Niliona mabonde, mawe, hata mto uliokauka na kuacha mchanga wake umetandazwa, kama mito yetu inavyofanya inaposhuka milimani kuingia ziwani. Nilimshukuru Mungu kwa kuniachia macho hadi siku hiyo.

"Koko, minye nimechagua hapa," akasema, akigusa uwanda laini. "Hakuna jiwe, hakuna shimo. Gari haiwezi kuanguka."

"Na itakula nini?"

Akacheka. "Koko, gari haiko ng'ombe!"

"Najua. Lakini umeituma kutafuta kitu. Hapo itakipata?"

Akaitazama tena ile picha.

Nikamweleza tulivyofanya kule Rurambo nilipokuwa kijana. Kabla ya kuhamisha ng'ombe tulituma watu wawili, kila mmoja siku yake. Wa kwanza aliangalia majani na maji tu. Wa pili aliangalia miguu: mawe, mashimo, matope, miteremko. Hatukuhama mpaka wote wawili wakubali mahali pamoja, hata yakipita majuma. Msimu mmoja tulikuwa na haraka, tukamtuma mtu mmoja kwa kazi zote mbili. Aliyapenda mno majani aliyoyaona. Siku tuliyofika, ng'ombe wawili walivunjika miguu, na mmoja alikuwa wangu.

"Weye umetuma mtu wa miguu peke yake," nikamwambia.

"Na profesa anauliza mtu wa majani yuko wapi," akajibu polepole.

Ndipo akanieleza kwamba wanaofanya kazi hiyo kwa kweli hufanya hivyo hivyo. Wengine hutafuta miamba ya zamani, wengine huhesabu mawe na kupima miteremko, na hubishana miaka. Niliwastahi sana. Uvumilivu wote huo kwa chombo ambacho hakuna atakayekipanda! Nimeona watu wakioa kwa uchunguzi mdogo kuliko huo.

Alifanya kazi majuma matatu. Akachagua kipande tambarare kando ya mdomo wa ule mto mkavu, karibu kiasi cha magurudumu kuufikia mchanga wake, ambako dalili za uhai zingeweza kuwa zimebaki.

Siku ya kuitetea memwari yake mbele ya walimu nilikaa nyuma, Biblia magotini. Mmoja wa wale walimu waliokuwa wakimsikiliza alisema mteremko wa jirani unamtisha.

"Ndiyo maana gari litashuka upande wa pili, kisha litembee," mjukuu wangu akajibu.

Walibishana muda mrefu, naye hakupandisha sauti hata mara moja. Mwishowe yule mwalimu akafunga karatasi zake.

"Mimi nisingeliweka hapo," akasema. "Lakini naona kwa nini wewe umeliweka."

Wakampitisha.