Kituo cha Kwa Fundi

Kabla mguu wangu haujavunjika, nilikuwa nashona nguo Manyamanyama, mjini Bunda, katika kibanda kilichokuwa hatua sita kutoka kwenye lami ya barabara kuu. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Kushona nilijifunza kwa kufumua nguo kuukuu na kuzirudishia. Mengine niliyapata kwenye magazeti ambayo wateja walifungia vitambaa vyao. Kwa sababu hiyo watu wa mtaa walinijia niwaandikie barua zao.

Magari ya abiria yalisimama mbele ya kibanda changu. Hakuna aliyepanga hivyo. Niliweka benchi kwa ajili ya wateja, abiria nao wakakaa, makonda wakaanza kuita, "Kwa Fundi wapo? Shusha kwa Fundi!" Nakiri kwamba jina hilo lilinipendeza kupita kiasi.

Siku moja akaja afisa mipango miji, dada mwenye utepe mrefu wa kupimia. Alisema kituo kitahamishiwa mbele, upande wa ginneri ya pamba, kwenye eneo pana ambapo gari linaweza kutoka kabisa nje ya lami. Vibanda vyetu navyo virudi nyuma, kwa kuwa viko ndani ya hifadhi ya barabara.

"Fundi, naomba unishikie ncha hii," aliniambia.

"Shika mwenyewe. Mpimaji si wewe?"

Watu walicheka. Alifunga utepe kwenye nguzo ya kibanda changu, akapima peke yake. Kesho yake niliandika barua ya kupinga, na karibu wote wenye vibanda wakatia sahihi. Ilikuwa na sentensi ninayoikumbuka neno kwa neno: "Kituo hiki hakijawahi kumuumiza mtu yeyote." Kituo kikabaki.

Ajali ilitokea asubuhi, mvua imetoka kukatika. Mzee Magesa wa Guta alikuja kuchukua suruali yake, kisha akakaa kwenye benchi kusubiri gari. Haisi ya abiria ikasimama, nusu yake juu ya lami, kwa sababu pale hapakuwa na pa kuchepukia. Lori likaigonga kwa nyuma. Haisi ikasukumwa hadi kibarazani, ikapita juu ya benchi, ikaishia juu ya cherehani niliyokuwa nikishonea.

Mwanzoni sikusikia maumivu. Niliona mfupa mweupe umetoboa ngozi chini ya goti la kulia, na kiatu changu kimeelekea nyuma. Mzee Magesa alikuwa kimya. Suruali bado ilikuwa mkononi mwake.

Hospitali ya Bunda walizuia damu, wakanipeleka Musoma. Huko waliunga mfupa kwa vyuma vilivyotokeza nje ya ngozi. Wiki ya pili kidonda kilianza kunuka. Usaha ulikuwa wa kijani, na homa ilinitetemesha hadi kitanda kikalia. Mke wangu aligeuza uso, kisha akajilazimisha kunitazama.

"Mzee Magesa je?" nilimwuliza.

"Pona kwanza, Baba Neema."

Nikaelewa.

Daktari hakunificha. "Baba, huu mguu unaanza kukutia sumu. Niruhusu nikate."

"Daktari," mke wangu akasema, "huyu anashonaga kwa miguu. Cherehani yake ni ya kukanyaga."

"Nampa siku tatu, mama. Homa isiposhuka, nakata."

Kila siku walikwangua nyama iliyokufa. Nilimwomba nesi anitajie urefu wa kidonda, nikaandika kwenye daftari kama ninavyoandika vipimo vya wateja. Siku ya kwanza sentimita kumi na moja. Siku ya pili kumi na moja. Siku ya tatu ilikuwa bado kumi na moja, lakini usiku wa kuamkia siku hiyo homa ilikuwa imeshuka. Daktari aligusa paji langu, akarudia tena, akaweka fomu ya ruhusa chini ya faili lake. Kidonda kilichukua miezi minne kuziba.

Nilipoweza kutembea kwa magongo, nilikwenda Guta kumpa pole mjane wa Mzee Magesa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno mengi. Alinisikiliza, kisha akauliza:

"Hapo kwako watu bado wanakaaga wakisubiri gari?"

"Bado, mama. Wameweka benchi jingine."

"Sasa pole hii ni ya nini?"

Niliaga, nikashika magongo yangu. Niliporudi, nilimwomba mwenyekiti wa mtaa nafasi ya kuzungumza mkutanoni. Nikasema kituo kihame na vibanda virudi nyuma, changu kiwe cha kwanza. Kijana mmoja wa bodaboda akapaza sauti:

"Fundi, si wewe uliyetuandikia barua ya kukataa? Leo umegongwa ndiyo umeijua barabara?"

Walicheka tena, kama walivyocheka siku ile. Nikatoa nakala ya barua mfukoni, nikaisoma yote. Nilipofika kwenye ile sentensi, niliisoma, nikasema, "Mkono ulioandika haya ni wangu. Mzee Magesa alikaa kwenye benchi langu." Hakuna aliyecheka. Mama mmoja muuza samaki aina ya sato akasema, "Lete karatasi nyingine, Fundi. Tuliosaini ile tusaini na hii."

Namshukuru Mungu, daktari, nesi na mke wangu. Leo nakanyaga cherehani, ingawa mguu umefupika na kwenye baridi unauma hadi nyongani. Wewe uliye kitandani: kidonda kikinuka, usione aibu, sema mapema. Usikubali ndugu wakutoroshe wodini kabla ya daktari kukuruhusu. Na wewe mwenye kibanda hatua chache kutoka kwenye lami, usingoje kujifunza kwa njia niliyojifunza mimi.

Siku ya kupima kituo kipya upande wa ginneri, nilikwenda. Yule dada alikuwa pale na utepe wake. Alinitazama mguu, kisha akaanza kukunjua utepe.

Niliegemeza gongo kwenye mti, nikanyoosha mkono. "Nipe ncha hiyo."

Akanipa. Nikaishika mpaka alipomaliza.