Uasi wa Mkate wa Ufuta

Skuli niliiacha mapema, kwa hivyo uasi wa Amerika naujua mpaka pale chai ilipotupwa baharini. Mwalimu wetu wa Unguja, Mwingereza, aliipita sura ile mbiombio kama mtu apitaye mbele ya mbwa. Mfalme wa ng'ambo aliwatoza walowezi wake kodi ya karatasi na ya chai. Wao wakasema hawatoi, kwani barazani kwake hawana wa kuwasemea. Akazidisha sheria, wakazidisha ukaidi. Mengine, alisema mwalimu, hayamo kwenye mtihani.

Nilikuja kuikumbuka sura ile Maskati, mwaka sitini na sita, nilipokuwa nikila na kulala kwa shangazi yangu, katika kijiji cha Sidab. Mtawala alikaa mbali kusini, washauri wake Waingereza walewale, na kila kitu kilitaka ruhusa: miwani ya jua, baiskeli, hata kuziba ufa wa ukuta. Shangazi, mjane, aliishi kwa mkate wa ufuta aliouza mjini. Unga ulikwishalipiwa ushuru bandarini. Kisha askari wa lango la mji akaanza kuutoza na mkate wenyewe, na mmoja wa moto akiula kila asubuhi, ati anaukagua.

"Nnafanya biashara au nnatoa sadaka?" shangazi aliniuliza. "Mwezi ujao sitakuwa na cha kununulia unga."

Nikamhadithia habari za chai.

"Wakaimwaga nzima nzima? Wapumbavu hao!"

"Shangazi, huo ni uasi."

"Uasi bila ya chai unaufanyaje?"

Hata hivyo, kesho yake hakupika, wala keshokutwa. Mimi nikajiona mshauri wa mapinduzi, neno ambalo nyumbani kwetu halikutajwa, maana yale ya Unguja ndiyo yaliyotuleta pale.

Mwishowe askari akaja mwenyewe. Shangazi akamtilia kahawa. Askari akaipokea, akaiweka chini, akawa anaiangalia tu. Shangazi uso ukamvimba.

"Kama mbaya, sema!" Akakinyakua kikombe, akaimwaga kahawa uani.

Basi uasi wetu nao ukapata bahari yake.

Jirani yetu, mzaliwa wa palepale, aliyekuwa akitutazama toka mlangoni kwake, alicheka mpaka akashika ukuta. "Mama, mgeni akiweka kikombe chini hajakutukana. Ana haja, na hanywi mpaka umkubalie." Sisi watu wa Unguja tukipewa kahawa tunakunywa.

"Haja gani?" shangazi akauliza.

"Mkate," askari akasema kwa sauti ndogo. "Walinzi wote wamenuna."

"Na mimi nna haja. Mkate wangu usitozwe."

"Sheria si yangu, mama."

"Na mkate si wako."

Askari akafikiri. Sheria, akasema, inatoza bidhaa; chakula cha walinzi haikukitaja. Kapu la shangazi litapita kama chakula cha walinzi, madhali mmoja utabaki langoni. Shangazi akamtilia kahawa nyengine. Askari akainywa, akamwombea dua, akaenda zake.

"Lakini shangazi," nikasema, "huo mmoja wa kila siku ndio ushuru wenyewe."

"Wapi! Ushuru unatoa na hakuna akwambiaye ahsante. Huyu kaniombea dua. Weye unayekula kwangu tangu Ramadhani, umeniombea nini?"

Nikachukua ndoo, nikaenda kumtekea maji ya kukandia unga.